Pumu kwa mtoto mdogo: andika dawa, chombo na tarehe

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Ameletwa zahanati kwa mara ya nne tangu masika yaanze, na mama yake anakueleza yale yale aliyomweleza mwenzako wa zamu iliyopita: usiku kifua kinambana, anakohoa mpaka anatapika, mchana anacheza kama kawaida. Fungua daftari lake la matibabu. Utakuta amoksilini, kisha siripu ya salbutamol, kisha amoksilini tena, kisha dawa ya kikohozi iliyonunuliwa duka la dawa muhimu. Neno pumu halimo hata mara moja. Kituo cha jirani huenda ukakuta kinyume chake: kila mtoto mwenye mafua na kifua kinacholia ameandikiwa pumu, na mama amerudi nyumbani akiamini mwanawe ni mgonjwa wa maisha.

Mwongozo huu ni wako wewe tabibu au muuguzi unayeandika dawa bila daktari bingwa wa watoto karibu. Usisikitike kwamba huna mashine ya kupima nguvu ya pumzi, maana mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kuipuliza sawasawa hata ukiwa nayo. Kwa umri huu dawa yenyewe ndiyo kipimo, mradi uiandike kama jaribio lenye tarehe ya mwisho, na uiandike pamoja na chombo cha kuipitishia.

Kabla ya kalamu

Watoto wanaolia kifua utotoni ni wengi kuliko wenye pumu. Watafiti wa Tucson, Arizona, waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa wamewahi kulia kifua kabla ya kufika miaka sita, na kati ya waliolia kabla ya miaka mitatu, kama sita katika kila kumi walikuwa wameacha walipofika miaka sita. Njia zao za hewa zilikuwa nyembamba, virusi vya mafua vikazivimbisha, kisha wakakua.

Kwa hiyo uliza yanayotokea katikati ya mafua, siyo wakati wa mafua tu. Je, anabanwa akikimbia, akicheka sana, akilia, au moshi ukimpata? Anaamka usiku akikohoa hata wiki ambazo hana makamasi? Ana pumu ya ngozi, au baba, mama, dada, kaka ana pumu? Majibu ya ndiyo yakizidi, na dawa ya kutanua njia za hewa ikimsaidia mbele ya macho yako, pumu ina uzito. Mama akisema kifua kinapiga filimbi, mwombe aigize sauti hiyo, au akairekodi kwa simu usiku ikitokea. Mara nyingi utagundua ni makohozi yanayokoroma kooni, na hayo hayahitaji inhela.

Kisha tafuta yasiyo pumu. Mtoto aliyebanwa ghafla akila karanga au akichezea punje za mahindi, na sauti inasikika upande mmoja wa kifua, amevuta kitu. Mpe rufaa leo. Uzito usiopanda, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na mtu wa nyumbani mwenye TB, kifua kinacholia tangu wiki za kwanza za maisha, moyo wenye sauti isiyo ya kawaida, kupaliwa kila anaponyonya: kila mojawapo ya hayo linataka uchunguzi mwingine kabla hujafikiria pumu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyeanza na mafua kisha akabanwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi ana uvimbe wa vijia vidogo vya hewa unaoletwa na virusi, na salbutamol haimsaidii.

Lipo kosa ambalo IMCI, utaratibu wa kuhudumia watoto wagonjwa vituoni, ilikusudia kulizuia lakini bado limejaa kwenye rejesta zetu. Mtoto mwenye kifua kinacholia anahesabiwa pumzi, zinakutwa 40 au zaidi kwa dakika kwa aliyetimiza mwaka mmoja, au 50 na zaidi kwa aliye kati ya miezi miwili na mwaka, na moja kwa moja anaandikiwa nimonia. Utaratibu unataka umpe kwanza salbutamol ya kuvuta, mpaka mara tatu kwa nafasi ya dakika 15 hadi 20, ndipo umhesabu upya na kuangalia kama kifua bado kinabonyea. Wengi watashuka chini ya kiwango. Saa hiyo moja kwenye benchi inamwokoa mtoto na antibiotiki asiyoihitaji, na wewe inakupa kipimo cha pumu ambacho maabara yako haina.

Kuhusu siripu

Siripu ya salbutamol ni rahisi, ni tamu, na mama anaijua. Iache. Inakawia kufanya kazi kuliko dawa ya kuvuta, na inafika kwenye mapafu baada ya kuzunguka mwili mzima. Piga hesabu: kijiko cha mililita 5 kina miligramu 2, na mpulizo mmoja wa inhela una mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kijiko kimoja ni sawa na mipulizo 20. Ndiyo maana mtoto wa siripu mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio na halali, wakati kifua bado kinalia. GINA, ambayo ndiyo miongozo ya pumu inayofuatwa kote duniani, haishauri salbutamol ya kunywa kwa watoto.

Utasikia hoja ya bei. Siripu moja ni nafuu kuliko inhela moja, hilo ni kweli. Lakini inhela ina mipulizo 200, na kwa mtoto anayebanwa mara mojamoja inaweza kukaa miezi. Mjumlishie mama gharama za chupa zote alizonunua tangu mwaka uanze, na nauli za bodaboda za usiku, kisha mwache alinganishe mwenyewe.

Dawa nyingine za kuacha zitaje kwa ufupi. Aminofilini ya kunywa: kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Dawa za kikohozi zenye kodeini hazimfai mtoto yeyote wa chini ya miaka 12, na promethazini haimfai wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa zote zinaweza kuzima pumzi. Antibiotiki haitibu pumu. Na muulize mama, kwa upole na bila kumsuta, kama kuna aliyemshauri mtoto akatwe kimio. Kikohozi kisichoisha ndicho kinachowapeleka watoto wengi kwa wakata vimio, na wengine huishia kutokwa damu au kupata maambukizi. Kikohozi kinarudi palepale, kwa sababu tatizo liko chini ya koo.

Chombo kwanza

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kubonyeza inhela na kuvuta kwa wakati mmoja. Ukimpulizia mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi itagonga ulimi na koo na kumezwa. Spesa, ile chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo, inashikilia dawa hewani ili mtoto aivute kwa pumzi zake za kawaida. Chini ya miaka minne atumie spesa yenye barakoa ya kuziba pua na mdomo. Wa miaka minne au mitano anayeweza kufumba midomo vizuri kwenye mrija atatumia spesa bila barakoa. Ukiandika inhela peke yake kwa mtoto wa umri huu, umeandika nusu ya dawa.

Bohari haina spesa? Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri pale inhela inapoingia, iliwafungua kifua sawa na spesa ya kununua. Ile isiyozibwa ilifanya kazi pungufu, na kikombe cha povu kilikuwa cha mwisho.

Itengeneze hivi. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa. Kunja waya kufuata umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, kisha utobolee kitako cha chupa tundu linaloingiza inhela kwa kubana. Ziba pembeni kwa gundi au plasta mpaka hewa isipite. Kinywa cha chupa ndicho kinachokwenda mdomoni kwa mtoto. Kwa mdogo zaidi, funga hapo barakoa laini inayoenea uso wake. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usiisuuze wala kuifuta kwa kitambaa, iache ijikaukie. Plastiki mpya au iliyofutwa ina umemetuamo unaonatisha chembe za dawa ukutani, na utando wa sabuni unaupunguza. Rudia kuiosha kila wiki chache. Tengeneza kadhaa siku yenye wagonjwa wachache, uziweke kabatini, na kila moja iwe ya mtoto mmoja.

Sasa mfundishe mama kwa mikono yake, siyo kwa maneno yako. Amkalishe mtoto wima mapajani. Atikise inhela, aichomeke, aweke barakoa usoni bila kuacha upenyo, abonyeze mara moja tu, kisha ahesabu pumzi tano hadi kumi. Aondoe, atikise tena, arudie. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo kunapoteza dawa. Mtoto akilia kwa nguvu, dawa haiingii kifuani hata kama kelele zinakupa picha kwamba anavuta sana. Kwa hiyo siku asizobanwa mama ampe chupa tupu aichezee, amwekee mwanasesere barakoa, ajiwekee na yeye. Akirudi kliniki, usimuulize kama anajua kutumia, mwambie akuonyeshe. Kila ziara. Utashangaa wangapi wanasahau kutikisa.

Wapo watakaokuambia kwamba pampu ni ya mtu aliye mahututi, au kwamba mtoto akiianza hataiacha. Usibishane. Mpe mtoto mipulizo yake pale pale, na umwache mama asikilize kifua baada ya dakika kumi na tano.

Dawa ya kila siku

Salbutamol inafungua njia iliyobana, lakini haitibu uvimbe unaoifanya ibane. Mtoto anayebanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, anayeamshwa usiku mara kwa mara, aliyepata mashambulizi matatu au zaidi kwa mwaka, au aliyewahi kulazwa kwa kubanwa, anahitaji steroidi ya kuvuta, hasa kama ana zile dalili za katikati ya mafua.

Kwa vituo vyetu dawa hiyo mara nyingi ni beklometasoni. Hupatikana kwa inhela za mikrogramu 50 na 100. Kiwango cha chini kwa mtoto ni mikrogramu 100 hadi 200 kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni. Soma kopo kabla ya kuandika, kwa sababu zipo beklometasoni za chembe ndogo zaidi ambazo nguvu yake ni kama maradufu, na pia inhela za watu wazima za mikrogramu 250. Angalia vilevile mwongozo wa matibabu wa taifa lako unasemaje kuhusu umri.

Hesabu ya kopo nayo ni sehemu ya kuandika dawa. Ukimpa ya mikrogramu 50, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, kopo la mipulizo 200 linaisha siku ya 50, yaani kabla ya wiki nane. Ukimpa ya mikrogramu 100, mpulizo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kipimo ni kile kile na kopo linafika siku 100. Andika kwa kalamu isiyofutika, juu ya kopo, tarehe litakapoisha. Kulitikisa au kulielesha kwenye maji hakukwambii kitu, maana gesi inaendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha.

Cheti chako kisomeke hivi: beklometasoni inhela mikrogramu 100, mpulizo 1 asubuhi na 1 jioni kupitia spesa yenye barakoa, kila siku hata akiwa mzima, kwa wiki 8, salbutamol inhela mikrogramu 100, mipulizo 2 kupitia spesa akibanwa, arudi tarehe fulani. Bila hiyo tarehe, mama ataacha dawa wiki ya pili mtoto akipata nafuu, au ataendelea nayo miaka mitatu bila mtu kuuliza kwa nini.

Baada ya dawa ya asubuhi na ya jioni mtoto asukutue mdomo au anyweshwe maji, na pale barakoa ilipogusa paoshwe, kuzuia utando mweupe wa fangasi. Kuhusu kimo sema ukweli wenye namba, kwa kuwa wazazi wataambiwa na majirani kwamba dawa inadumaza. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba watoto waliotumia budesonidi mikrogramu 400 kwa siku kwa miaka kadhaa walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kuliko wenzao wasioitumia kwa wastani wa sentimita 1.2. Hicho ni kipimo maradufu ya unachokiandika wewe. Mpime urefu kila akija, umwonyeshe mama mstari kwenye kadi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtoto asiyepewa mikrogramu hizo, akaishia kupewa prednisoloni ya vidonge kila mwezi.

Ya mtu mzima usimletee mtoto. Tangu 2019 GINA inapendekeza watu wazima na vijana watumie inhela moja yenye steroidi na formoteroli kila wanapobanwa. Ushauri huo hauhusu walio na miaka mitano kushuka chini. Montelukasti ya miligramu 4 ipo kwa umri huu, lakini ni dawa ya akiba: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa kwa sababu ya jinamizi, hasira na mabadiliko mengine ya tabia. Ukiiandika, mwambie mama hayo waziwazi.

Akibanwa

Nyumbani mama ampe mipulizo miwili ya salbutamol, mmoja baada ya mwingine. Asipopata nafuu, arudie baada ya dakika 20, na mara ya tatu vivyo hivyo. Ikibidi kuzidi mipulizo sita ndani ya saa mbili, au mtoto akiwa bado anabanwa siku ya pili, asisubiri. Wa chini ya mwaka mmoja aletwe mapema zaidi.

Akifika kwako, mtazame kabla ya kushika stethoskopu. Hawezi kunyonya au kusema, amelegea au amechanganyikiwa, midomo ina rangi ya bluu, oksijeni iko chini ya asilimia 92, au kifua kimebana huku kimenyamaza: hilo ni shambulio kali. Kifua kisicholia kwa mtoto anayehangaika kupumua ni kibaya kuliko kinacholia, kwa kuwa hewa haipiti. Weka oksijeni, mpe mipulizo sita ya salbutamol kupitia spesa, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, ongeza ipratropiamu kama ipo, mpe prednisoloni, na uite gari la wagonjwa wakati unaendelea kutibu. Nebulaiza ikikosa umeme usihangaike. Inhela na spesa zinatosha kwa wengi, mradi oksijeni haikatizwi.

Prednisoloni ni ya hapo. Miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, isizidi 20 kwa siku kwa wa chini ya miaka miwili wala 30 kwa wa miaka miwili hadi mitano, kwa siku tatu mpaka tano, kisha inakatishwa bila kupunguzwa kidogokidogo. Kwa mtoto mwenye mafua, kifua kinacholia kidogo, anayekula na kucheza, usiiandike. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 uliwapa watoto wa umri huu waliolazwa kwa kubanwa kwa kiasi, wengine prednisoloni, wengine dawa tupu, na wa prednisoloni hawakutoka wodini mapema zaidi. Usimpe mama vidonge vya kuweka nyumbani akampe mtoto akiona inafaa.

Kabla hajaondoka, uliza kinachochomwa nyumbani. Siyo kuni na mkaa tu: pwani kuna udi na ubani, na mahali pengi dawa ya mbu ya kuchoma inafuka usiku kucha chumba anacholala mtoto. Chandarua kinaifanya kazi hiyo bila moshi. Jiko ni gumu kulibadilisha kwa neno lako, lakini mtoto anaweza kukaa mbali nalo.

Tarehe ikifika

Wiki nane zimepita. Kama hakuna kilichobadilika na mama anatumia spesa sawasawa mbele yako, usiongeze dawa. Simamisha, urudi kwenye yale yasiyo pumu. Kama amepata nafuu kiasi lakini bado anabanwa, hakikisha kwanza dawa inatolewa kila siku na moshi umepungua, kisha uzidishe beklometasoni mara mbili kwa miezi mitatu. Asipotulia hapo, mpe rufaa kwa daktari wa watoto. Wa chini ya mwaka mmoja asiyetulia asisubiri hatua hizo.

Kama ametulia kabisa, hapo pia simamisha baada ya miezi miwili au mitatu, na umuone tena wiki nne hadi sita baadaye. Virusi vya mafua huenda vilikwisha vyenyewe, na huwezi kujua mtoto alipona au dawa ilimtuliza mpaka uiondoe. Dalili zikirudi, na zikatulia tena baada ya kuirudisha dawa, sasa andika neno pumu kwenye daftari, umweleze mama maana yake, na uendelee kujaribu kuipunguza angalau mara moja kwa mwaka. Chagua msimu ambao kwake huwa shwari. Usiipunguze wiki ambayo masika yanaanza.